Mwaka Nilimuonea Kavira Wivu

Ninyi vijana mutakaosoma hii, kwanza inukeni. Muende muangalie chini ya kitanda, mu jikoni, na mu ile kona munawekaka batri za panneau ya jua. Kama muko na chupa ya jus ao ya maji ya kunywa na ndani yake kuna asidi, muitoe, muiweke juu mahali mutoto hafike, mufunge kitambaa nyekundu kwa shingo yake, kisha murudi musome. Nitawangojea. Mimi sina haraka, na sikusoma sana. Niliachia mwaka wa tatu primaire, na mujukuu wangu Katungu ndiye ananisahihishia herufi, lakini maneno ni yangu na nimemukataza kuyapunguza. Sitawaeleza nilizaliwa wapi ao baba yangu alikuwa nani. Nitawaeleza mwaka moja tu, mwaka niliishi Butembo mu nyumba ya Patronne, bosi wangu, niko na miaka kumi na saba, na mu moyo yangu hakukuwa kitu ingine isipokuwa wivu. Ninaandika sababu Kavira amerudi. Alifika mwaka jana, mu miezi ya mvua, kutoka Mbau, na mufuko moja mugongoni, kamba ya mufuko ikimukata mu paji ya uso. Kile kinakujaka usiku na mapanga kufukuza batu mu mashamba yabo kule, munakijua, sina haja ya kukieleza. Alisimama kwa mulango akasema, "Masika, niko na njaa," sawa vile tuliachana jana, kumbe tuliachana tungali basichana. Nikamufungulia. Juma moja haikuisha, bajukuu bangu bakaanza kumwita koko Kavira, sawa yeye ndiye nyanya yabo. Mimi ndiye nilibeba baba zabo, mimi ndiye nafunika ile batoto baridi ikishuka, lakini jioni banaenda kukaa kwa miguu yake yeye. Jicho yake ya kushoto ni nyeupe yote, ngozi ya shavu imevutwa mpaka chini ya sikio, na hakuna mutoto hata moja anamuogopa. Batu banasema uzee unazimishaka wivu. Banadanganya.

Nyumba ya Patronne ilikuwa juu ya kilima, upande wa kwenda Rughenda, na ndege ndogo ikipita asubui sahani zilitetemeka mu kabati. Patronne alikuwa mujane wa mwili mukubwa na sauti ndogo, na alinunuaka dhahabu kwa bachimbaji benye kutoka mu pori. Ile vumbi ya dhahabu ilifikaka chafu, imechanganyika na vitu vingi, na kazi ya nyumba ilikuwa kuipika mu asidi mpaka uchafu uyeyuke na dhahabu ibakie peke yake. Mupishi wa dhahabu alikuwa Kavira. Mubeba maji alikuwa mimi. Kisima ilikuwa chini kabisa, mu bonde. Nilishuka na bidon, nikapanda nayo mugongoni, kamba mu paji, shingo imekaza, macho chini, na ule mwaka wote nilijua miguu ya batu kuliko sura zabo. Maji ya kupika na ya kufua, ile nilielewa. Lakini ndani ya chumba cha asidi, kando ya dirisha, kulikuwa pipa ya chuma yenye mufuniko juu na robinet ya kufungulia maji chini, bomba yake inatokea inje kwa bustani ya mashu, zile kabichi zetu. Ile pipa ilipaswa kujaa kila siku, na hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kuchota ndani yake hata kikombe. Nabeba, najaza, maji inakaa. Jumamosi namwanga, nasugua pipa, nabeba ingine mupya, nayo inakaa. Siku moja nilimuuliza Patronne, "Sasa hii maji ni ya nani?" Akasema, "Ni ya Kavira." Nikasema, "Lakini Kavira haikunywake, haiogeake." Akajibu, "Omba Mungu ibakie vile. Siku ataihitaji, hautapata wakati ya kushuka ku kisima."

Kavira alitoka Kipese. Alikuwa murefu, na kicheko ya wazi, na alimaliza primaire yote, kwa hiyo alisoma Kifaransa kwa kartoni ya asidi bila kujigonga. Patronne alimwita "ma fille", ni kusema binti yangu. Mimi aliniita "Masika weye". Asidi ilikujaka mu chupa ya kahawia, imezikwa mu vumbi ya mbao, na Patronne aliifungia mu sanduku na ufunguo. Tulikuwa na tabia ya kuiita dawa, sawa bachimbaji balivyoiita, na Patronne alikasirika. "Dawa inaponyesha batu. Hii ni asidi. Muiite jina yake, mutaiogopa." Hakuruhusu hata tone moja iingizwe mu chupa ya bia. Kulikuwa mwanaume mu Beni, alisema, alitoka shambani na kiu akakunywa asidi mu chupa ya bia juu ya meza yake mwenyewe, na jirani kwa wema wake akamuingiza kidole mu koo ili atapike, asidi ikapanda ikamuchoma mara ya pili. "Angemuacha, angemukimbiza kwa daktari," alisema Patronne, "yule mutu angekuwa anaongea mpaka leo." Mu kazi, Kavira alivaa gants mu mikono, lunettes kubwa ya plastiki ku macho, nguo ya mikono mirefu, na kitambaa mu nywele. Dirisha wazi. Asidi inaingizwa ndani ya maji polepole, hapana maji ndani ya asidi. Na mutu moja asimame kwa mulango wakati wote ya kazi. Ule mutu wa mulango alikuwa mimi, na niliona wazi ni kazi ya mbwa.

Kitu nilichukia zaidi ilikuwa mazoezi ya kila Siku ya Kwanza, ndiyo Jumatatu. Patronne alimufunga Kavira macho na kitambaa, akamuzungusha mara tatu, kisha akapiga makofi: "Asidi mu macho! Enda!" Kavira alitembea hatua ine, mukono mbele, akagusa pipa, akatupa mufuniko, akajifanya anaingiza uso. "Na kisha?" "Jicho linafunguliwa na vidole hata kama linakataa. Jicho mubaya inakaa chini ili maji isikimbilie jicho muzuri. Nguo inavuliwa hata kama kuna banaume." "Mpaka saa ngapi?" "Mukono ni rozari nzima. Jicho ni rozari mbili." Sababu saa haikuwa mu kile chumba, Patronne alipima na rozari. Bote banacheka, Kavira anatoa kitambaa, nywele zimemusimama. Mimi niko kwa mulango na ndoo. Nilijua yale maneno yote kwa moyo kuliko yeye, lakini hakuna mutu alinifunga macho mimi. Hakuna mutu aliona macho yangu inaweza kuwa na faida ya kulindwa.

Kisha kulikuwa maziwa. Patronne aliamini moshi ya asidi, ile ya rangi ya matofali, inakula kifua, na maziwa inakifunika. Kila siku ya kazi Kavira alipata kikombe ya maziwa ya moto na sukari. Mimi nilipata chai ya rangi na bugali ya jana. Nilikuwa nasikia vile anameza. Tena vidole. Asidi ikigusa ngozi kidogo inaacha alama ya manjano yenye haitoke na sabuni, na hata na gants, ncha za vidole vya Kavira zilikuwa na hiyo manjano. Mu soko bamama bauza-viazi balimuona bakagusana viwiko: "Yule anashikaka dhahabu." Balimuongezea viazi mbili, tatu juu ya kilo. Mimi nilikuwa na alama ya kamba mu paji ya uso, sawa punda. Basi siku moja, Patronne ameenda misa, Kavira amesahau kibakuli bila mufuniko, nikachovya kijiti ya kiberiti na nikajigusa kidole ya shahada. Nilitaka manjano, si zaidi. Kwanza hakukuwa kitu. Kisha ikanikamata sawa nyuki. Nilitaka kuficha, nikapaka mawese, na mawese ikaifungia ndani. Ni Kavira alinikuta natikisa mukono kwa bustani. Alinivuta mpaka ku pipa, akapangusa mafuta kwa sabuni, akashikilia kidole yangu chini ya maji na akaanza: "Salamu Maria..." Rozari nzima, na mimi natamani kumunyanganya mukono. "Ulikuwa unatafuta nini, weye?" Akaangalia ile alama, akaelewa, na hakucheka. Angecheka ningemusamehe. Hakumuambia Patronne, akaniombea hata maziwa yake nusu, nikakataa, akainywa. Mutu anakuona mu haya yako halafu anakufanyia mema, huyo ni vigumu kumupenda ukiwa na miaka kumi na saba.

Mu miezi ya jua, Patronne alitangaza mu chakula ya jioni. Sikuwa ku meza, nilikuwa napepea mbabula, jiko ya makaa, nyuma ya ukuta, lakini ukuta ule ulikuwa wa mbao. "Siku ya Tatu naenda Beni. Ma fille, utanisindikiza. Kule kuna mufanyabiashara anatafuta mutu wa kufundisha batu bake kazi hii bila kujiua. Nitakununulia pagne ya kitenge, hauwezi kufika pale na hii." Kavira akapiga kelele ya furaha. Kisha akasema, na nilisikia muzuri, "Na Masika? Naye anajua kazi." Patronne akajibu na sauti yake ndogo, "Masika ni wa maji." Nilipepea ile mbabula mpaka makaa ikalipuka. Muone vile moyo unafanya kazi. Aliyenitukana ni Patronne, aliyenitetea ni Kavira, na nilichukia Kavira.

Siku ya Mungu kisha misa, Kavira alichota besani moja mu pipa akanawa nywele. Kisima ilikuwa imepungua, foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa na safari. Lilikuwa kosa, alijua. Aliniona, akaweka kidole ku midomo, akacheka: "Yaya, dada yangu, usinisemee, nitajaza kesho." Maji ya mugongo yangu, mu nywele yake, kwa safari niliona ni yangu. Asubui yake, Siku ya Kwanza, Patronne alitoka mapema kwenda kuangalia pagne mu muji, na mazoezi haikufanyika. Niliingia mu chumba cha asidi peke yangu. Pipa ilikuwa imepungua kidogo tu. Nilifungua robinet. Maji ilitiririka kwa mashu, nami nilisimama naangalia mpaka ikabaki kudonda matone, kisha nikafunga robinet, nikarudisha mufuniko. Mupango yangu ilikuwa hivi. Patronne atarudi saa sita, nitasema, "Patronne, njoo uone kile ma fille wako amefanya na maji ya macho yake." Kavira mwenyewe atakubali alinawa nywele. Safari itakufa, na labda itakuwa yangu. Siku ile hakuna muchimbaji alingojewa. Nilijiambia, ni masaa machache tu.

Muchimbaji akafika saa ine. Alikuwa na haraka, anataka kupanda gari ya Beni, na alimusihi Kavira amupikie vumbi yake mbio. Nilikuwa kwa uwanja nachagua maharagi. Kavira akatoa kichwa kwa dirisha, anafunga kitambaa mu nywele, akauliza sawa alivyouliza kila siku: "Masika, pipa iko?" Mukisoma hii, simameni hapa kidogo, sababu mimi nimesimama hapa maisha yangu yote. Ningeweza kusema hapana. Ningesema hapana, angeuliza kwa nini, na mupango yangu ingevunjika kabla ya Patronne kurudi. Nilisema, "Iko." Kisha nikarudi ku maharagi, sikuenda hata kusimama kwa mulango.

Ile vumbi ilikuwa mbichi, haijakauka, na Kavira kwa haraka aliimwanga yote mara moja mu asidi ya moto. Ilichemuka ikaruka. Lunettes alikuwa ameziweka juu ya paji, moshi ilikuwa imezifunika na alizipandisha kuona. Nilisikia kibakuli, kisha kilio, kisha miguu yake: hatua ine, sawasawa vile alifundishwa. Nilisikia mufuniko unaanguka. Kisha nikasikia mukono yake unapiga chini ya pipa tupu. Mulio ule wa chuma mimi siwezi kuwaandikia. Alilia, "Maji! Masika, maji!" Niliingia na nusu ya bidon ya jikoni, nikamumwangia uso, ikaisha kabla hata "Salamu Maria" kumi haijatimia. Muchimbaji alikuwa anaruka tu mahali moja: "Tafuta mayai! Paka mayai! Paka mawese!" Nikamusukuma ukutani. "Hapana mupaka kitu! Mukate nguo, na kisu, pale shingoni, hapana muvutie juu ya uso!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa ya Patronne.

Kwa jirani kulikuwa matanga. Muzee mumoja mu familia ya Baprotestanti alikuwa amekufa, na bamama ba kanisa yabo balikuwa bamepanga bidon za maji ku ukuta kwa kupikia batu. Nilipita mu michongoma, sikusalimia, sikutoa pole, nikabeba bidon mbili mikononi. Mama mumoja akanishika nguo. "We mutoto, unaiba maji ya mufu?" Nikamuambia, "Mama, kuna mutu anapofuka." Aliniachia, na hakuuliza tena. Akageukia benzake akasema, "Simameni." Balisimama bote, na ile bidon zikapita mu michongoma mukono kwa mukono, bamama benye vitambaa vya kilio mu kichwa, bengine bangali banatoa machozi ya muzee wabo. Tulimulaza Kavira ku kibaraza kwa upande wa kushoto. Mimi ndiye nilifungua jicho yake na vidole. Alipigana sana, aliniuma mukono, nikafungua tena. "Mpaka saa ngapi?" akauliza ule mama. "Rozari mbili." "Sisi hatuna rozari, mwanangu." "Basi imbeni." Baliimba kantiki za matanga, moja kisha ingine, na wakati sauti moja ilichoka, ingine ilichukua. Maji ilitelemuka kibaraza, ikafika kwa mashu yale yenye nilimwangilia asubui. Mufiwa mwenyewe, muke wa ule muzee, alikuja na bidon ya mwisho, akaimwanga polepole, akasema tu, "Pole, binti." Kavira akajibu "Wasingya," asante ya kwetu, mu ile maumivu yote. Hata pale nilimuonea wivu. Hata pale.

Ku hospitali infirmier, muuguzi wa zamu, alichungulia jicho na taa, akaangalia shavu, shingo, mukono. "Nani aliosha huyu?" Nikasema mimi. "Muda gani?" "Mpaka maji ya matanga iliisha." Akaita benzake baje bamuone mutu. "Bote banatuletea batu bamepakwa mayai, majivu, dawa ya meno, na sisi tunaanza kukwaruza. Huyu ameleta ngozi safi. Jicho ya kuume ni muzima sababu ya huyu musichana, na mukono itatumika. Ya kushoto ilikosa maji ya mwanzo. Ingepata maji mara moja, tungeongea mengine." Alisema vile bila ubaya, anafunga bandeji. Nilimuuliza pia kuhusu maziwa. "Maziwa ni chakula muzuri," alisema, "lakini kwa moshi ni dirisha." Jioni Patronne akafika, uso umemuanguka, akasimama kwa kitanda. "Masika, pipa ilikuwa tupu. Namna gani?" Nilifungua kinywa. Kavira akasema kabla yangu, na midomo imevimba: "Ni mimi, Patronne. Nilichota ya nywele Siku ya Mungu. Robinet sikuifunga muzuri, lazima ilidonda usiku kucha." Akanitafuta na jicho yake moja. "Mumusifu Masika. Bila yeye mimi ni kipofu." Patronne akanikumbatia. Mara ya kwanza. Akaniita ma fille. Nami nikafunga kinywa.

Nilipata yote. Kavira alikaa hospitali miezi, banageuza shingo yake kila siku ili ngozi isiikaze upande moja, nami nilimupelekea supu ya kuku na nikamugeuzia shingo vile bauguzi balinionyesha, na kila mara alinishukuru. Siku zilizofuata nilifungwa macho na kitambaa, hatua ine, bote banacheka. Nilienda Beni na pagne mupya. Nilikunywa maziwa, ilikuwa tamu, siwezi kuwadanganya. Nilipata vidole vya manjano, na mu soko baliniongezea viazi. Tena nilikuwa mupishi muzuri kuliko Kavira, sababu sikumuuliza mutu yeyote kama pipa iko, niliingiza mukono yangu mwenyewe ndani. Batu benye nilifundisha, hakuna hata moja aliungua. Kavira alitoka na jicho moja, akaolewa Mbau kwa mwanaume mulimaji wa kakao mwenye alimupenda sana, na nilipopata habari hiyo nilifunga mulango nikalia, sababu mimi wangu hakunipenda vile.

Sasa nirudi ku nyumba yangu, hii ya leo. Mwezi uliopita muke wa mutoto wangu alileta asidi ya batri mu chupa ya jus. Kabla nipate kufungua kinywa, Kavira alimukalisha chini pamoja na bajukuu bote, akabaeleza habari yake. Nilikuwa chumba cha pili, nakunja nguo. "Nilikuwa mupumbafu," alisema, "nilinawa nywele na maji ya macho yangu. Sikufunga robinet. Nilijifanyia mwenyewe. Koko yenu ndiye aliruka mu michongoma." Batoto bakauliza, "Na haukumukasirikia Mungu?" "Nilijikasirikia mimi. Miaka mingi sikuweza kunawa nywele bila kuangalia robinet mara tatu. Mume wangu alinichekaka." Balicheka naye. Nilikaa juu ya zile nguo. Amebeba mzigo yangu mugongoni maisha yote, na hata ule mzigo anaubeba na uzuri kuliko mimi. Hapo nilijua ile siri haikuwa inanilinda tena. Ilikuwa kitu ya mwisho nilikuwa nayo kumupita, kujua kile yeye hajui.

Asubui yake tulikuwa tunamenya viazi mu jikoni. Nikamuambia bila kuzunguka: "Kavira, robinet uliifunga. Ni mimi niliifungua asubui. Nilimwanga yote ili Patronne akunyime safari." Kisu yake kikasimama. Hakuniangalia. Ganda ya kiazi ilibaki inaninginia. Kisha akasema, "Nilikuuliza kwa dirisha." "Ndiyo." "Ulisema iko." "Ndiyo." "Nilijisemaka, Masika alichoka na maji, alijibu bila kuangalia. Nilikuteteaka mu kichwa yangu." Akaweka kisu chini. "Jicho, basi. Jicho lilikwenda. Lakini uliniacha nijichukie mpaka nazeeka." Sikuomba samahani. Nilikuwa nayo kinywani, lakini nikaona ni kumuomba kazi ingine. Aliinuka, akachukua mukeka yake, akahamia chumba cha batoto. Siku tatu hakunisalimia. Siku ya ine, batoto bakamuomba arudilie ile habari ya maji ya matanga, akasema, "Muulize koko yenu Masika. Mimi nilikuwa naieleza vibaya."

Mangaribi ile niliita nyumba yote, bakubwa na badogo, na muke wa mutoto wangu, na Katungu na kalamu yake. Kavira alikaa kwa mulango, mugongo umetugeukia, lakini hakutoka. Niliwaeleza yote, sawa nimeandika hapa. Mumoja wa badogo akaanza kulia, nikamuambia anyamaze, haijaisha. Kisha nikawaamuru: "Tangu leo, mu hii nyumba hakuna mutu atasema Kavira alijichoma mwenyewe. Mukimusikia jirani anasema vile, mumukatishe, hata kama ni mukubwa kwenu. Mukieleza ile siku kwa batoto benu, hamutaanza na michongoma. Mutaanza na jina yangu, Masika, na mukono yangu ku robinet, na mutaongeza kwamba aliniuliza na nilimujibu iko."